Barua ya wazi kwa wakubwa wa usafi kisiwani: taka zimekuja kwa boti na punda, zitoke kwa boti na punda

Kwa Waheshimiwa,
Mnaosimamia usafi, taka na maji,
Kisiwa cha Lamu.

Assalaam aleikum warahmatullahi wabarakatuh, na kwa wasiokuwa Waislamu salamu za heshima ziwafikie hapo mlipo.

KUH: TAKA MITAANI, MITARO NA MAJI YETU

Majina yenu siyataji na ofisi siitaji, si kwa uoga, ni adabu tu, na pia manake wenyewe mwajijua na sisi twawajua, tunaswali msikiti mmoja, tunakutana harusini, watoto wetu wako chuo kimoja cha Kurani. Ndio maana hatukuanza kwa kelele. Tuliandika barua tukaileta ofisini ikapigwa muhuri, tukatuma wazee wa mtaa, tukapiga simu, alafu tukaingizwa kwenye grupu ya wasap ambayo mtu akiuliza habari ya taka anajibiwa kwa kidole gumba. Kila pahali jibu ni lile lile, "tumepokea, tunalifanyia kazi". Hiyo kazi hatujaiona. Kwa hivyo leo naandika hadharani kila mtu asome, na mkiona pahali nimewasingizia nijibuni hapa hapa hadharani, ntashukuru kabisa.

Kabla sijaanza kuhesabu, niwaambie shida naionaje mimi. Kisiwa hiki hakitengenezi soda. Hakitengenezi daipa wala chupa ya maji wala pakiti ya krispi. Kila kimoja katika hivyo kilipanda boti Mokowe, huko bara, kikashuka gatini, kikabebwa na punda ama mkokoteni mpaka dukani. Nauli ya kuja imelipwa. Ya kurudi hakuna aliyeilipa na hakuna aliyeulizwa, basi mzigo umebaki kwetu, mwaka baada ya mwaka, na kisiwa chenyewe hakikui. Mengine yote ntakayoyasema hapa chini yametoka kwenye hilo moja.

1. Jaa la mtaani na punda wetu

Ndani kidogo kutoka Usita wa Mui, mtaani kwetu, kuna gofu la nyumba ya zamani, kuta za mawe ya matumbawe zimebaki nusu. Watoto walikuwa wakicheza humo. Saa hii ni jaa. Hakuna aliyekaa akaamua liwe jaa, ila trekta la taka haliingii vichochoroni, na likipita kule mbele ya bahari lapita siku linayotaka lenyewe, wiki hii lipo wiki ijayo halipo, asubuhi ama jioni hakuna ajuaye, na nyumba zetu mwazijua hazina uwanja, ni kuta na ua mdogo wa ndani, sasa mama ataka akae siku ngapi na ndoo ya magamba na matumbo ya samaki? Anasubiri usiku anaenda anamwaga. Simtetei lakini namuelewa, na nyinyi pia mngemuelewa kama taka za kwenu zisingekuwa na mtu wa kuja kuzichukua mlangoni.

Juzi nimesimama pale nikaangalia kilicho juu juu tu. Daipa, chupa za maji, mifuko ya muguka iliyopigwa fundo, vipakiti vya sabuni, makumbi ya nazi, kandambili za mguu mmoja mmoja. Na punda, kichwa kimezama hadi masikio, anatafuna mfuko. Nusu ishaingia, nusu yaning'inia mdomoni, akivuta akimeza, akivuta akimeza. Nikajaribu kuushika ule uliobaki nje akanigeuzia makalio, na punda akishakugeuzia makalio wewe ondoka tu.

Sasa hili mlijue kama hamlijui: punda kwa maumbile yake hawezi kutapika. Ng'ombe anacheua, paka anatapika, punda akishameza imekwisha. Plastiki inajikusanya kwenye utumbo mpaka inaziba, tumbo linavimba, anagaragara chini kwa maumivu na mara nyingi haponi. Shirika la The Donkey Sanctuary walifungua kituo cha punda hapa kwetu tangu 1987, waulizeni madaktari wa mifugo watawaeleza wanachokitoa matumboni. Huyu ndiye gari letu. Huyu ndiye amebeba mchanga na mawe na simiti ya kila jengo mnaloliona, pamoja na majengo yenu, na malipo yake ni kuuawa na mfuko.

Na hiyo mifuko yenyewe, si ilipigwa marufuku tarehe 28 Agosti 2017? Sheria inasema faini ya milioni 2 hadi milioni 4, ama kifungo cha mwaka 1 mpaka miaka 4. Basi yapita wapi? Yapita gatini, mchana kweupe, watu wanaangalia. Sisemi mumkamate mama anayeuza barafu za ukwaju kwenye vifuko, tafadhali msije mkasoma barua hii alafu kesho askari wakaenda kumsumbua mama wa barafu. Nasema mzigo mkubwa, marobota, yanayoingia kwa watu ambao nyinyi mwawajua kuliko mimi.

2. Mitaro

Mji huu una mteremko mdogo kuelekea baharini na waliojenga mitaro walijua hilo, maji yakishuka yaende zake. Yaenda wapi saa hii? Mvua za masika zikipiga, daipa moja inakwama kwenye kona ya mtaro, nyuma yake inakuja chupa, nyuma ya chupa majani, na ndani ya muda mfupi maji meusi yashapanda njiani. Mwaka huu yameingia mpaka kwenye daka, yaani ukumbi wa mlangoni, la bibi mmoja jirani yetu, mtu mzima anayetembea kwa mkongojo, tukakaa na sufuria na ndoo tukiyachota, na yale si maji ya mvua peke yake mwajua, vyoo vya watu vimeunganishwa humo humo. Asubuhi yake watoto wa chuo wamepita hapo hapo miguu mitupu.

Alafu mbu. Wazee wetu hawakuwa na dawa za kupuliza lakini kwenye birika za vyoo na za misikiti walikuwa wakiweka samaki wadogo ili wawale viluwiluwi wa mbu, na chini ya birika wametia sahani ya Kichina ili maji yakipungua samaki abaki na pa kuogelea. Watu walifikiria mpaka samaki asife! Leo mtaro wazi una maji yaliyosimama wiki nzima na hakuna hata mtu wa kuja na koleo kuzibua. Mkija mwaja na karatasi ya kuandikisha majina.

3. Moshi

Hili fupi. Zile taka chache zinazobahatika kufika kwenye jaa kubwa zachomwa, na upepo ukigeuka moshi waingia mjini. Plastiki ikichomwa hivyo kwa moto mdogo inatoa sumu, hasa mabomba ya PVC na nyaya za umeme, na mojawapo ya hizo sumu yaitwa daioksini na hutua ardhini, kwenye majani wanayokula mbuzi, na kwenye maji. Wenye pumu mitaani wanajua siku ya kuchoma bila kuambiwa. Mkiulizwa mwasema hakuna anayechoma, moto unajiwasha. Sawa.

4. Bahari na mikoko

Zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya iko kaunti hii ya Lamu. Mkoko unapumua kwa ile mizizi inayochomoza kwenye tope kama vidole, na maji yakikupwa nendeni mkaangalie, mifuko na vyandarua vimejifunga kwenye mizizi hiyo. Ndipo kamba na kaa wanapokulia na samaki wadogo wanapojificha. Mvuvi wa Matondoni ama Kipungani hahitaji semina ya kuambiwa hilo, anaona kwenye wavu wake, chupa zinapanda na samaki. Kasa naye anaona mfuko unaelea anadhani ni yavuyavu, anameza.

Hapa sitaki kurefusha, ila nakumbusha tu kwamba watu wa kisiwa hiki ambao kuna wakubwa wanatuita wachafu, ndio hao hao waliosimama dhidi ya mradi wa umeme wa makaa ya mawe hapa Lamu mpaka tarehe 26 Juni 2019 leseni yake ikafutwa, na sababu moja kubwa iliyotajwa ni kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Kwa hivyo msitufundishe mapenzi ya mazingira. Na neno kushirikishwa pia tunalijua lina maana gani, ntalirudia huko mbele kwenye habari ya tenda.

5. Maji ya Shela

Hili ndilo linaloninyima usingizi kuliko taka. Maji matamu ya mji huu yanatoka kwenye visima vya kule kwenye machuguu ya mchanga ya Shela. Mgeni akiyaona machuguu anaona pahali pa kupiga picha jua likitua, lakini yale ndiyo tangi letu. Mvua ikinyesha mchanga unainyonya, maji yanachujwa polepole yakishuka, alafu yanakaa juu ya maji ya chumvi manake maji matamu ni mepesi kuliko ya chumvi. Ni tabaka jembamba tu. Hakuna mto kisiwani na hakuna ziwa, na tukiharibu pale hakuna pa pili.

Sasa tabaka hilo linakufa kwa njia tatu na zote ziko mbele ya macho yenu. Ukivuta maji kwa pampu kupita yanavyoingia, chumvi inapanda kutoka chini, na ikishapanda kwenye kisima si ya kuondoka kesho. Ukijenga juu ya mchanga na kumwaga simiti, mvua haipati pa kuingia. Na ukichimba shimo la choo karibu na visima, mchanga haulindi chochote, wapitisha tu. Majengo yanasogea, kila msimu ukuta mpya, kila ukuta una bwawa la kuogelea ndani na mtungi wa mtu huku Langoni unajaa kwa foleni. Mchanga nao wachotwa kwa ujenzi. Wanaoruhusu ni nani? Tumeuliza, tukaambiwa faili iko ofisi nyingine. Tukaenda ofisi nyingine, tukaambiwa ofisi ya kwanza.

Sipingi watu kujenga wala sipingi wageni, kisiwa hiki kinaishi kwa wageni na nusu ya vijana wa mtaa wangu wanalipwa na hizo nyumba. Ila mgeni hatakuja kuoga maji ya chumvi.

6. Siku za usafi za picha

Kila tarehe 5 Juni, Siku ya Mazingira Duniani, mwatuita. Twaja. Twavaa fulana mlizotuletea, twapewa glavu mbili kwa watu watatu, twaokota ufukweni kuanzia asubuhi, picha zapigwa, hotuba zatolewa. Kila mtu apewa chupa ya plastiki ya maji. Wallahi, tumealikwa kuokota chupa tukapewa chupa! Na plastiki za kutumia mara moja zimekatazwa kwenye maeneo ya hifadhi nchini tangu tarehe 5 Juni 2020, siku hiyo hiyo mnayoisherehekea.

Magunia yakajaa yakapangwa ukutani vizuri sana. Mkaondoka. Magunia yakabaki. Baada ya siku chache mbuzi wameyatoboa, upepo umeingia, bamvua limekuja likayabeba, na zile chupa tulizoziokota tukaziona zinaelea mbele ya gati zinatuaga. Sasa mtu akija kunialika tena ntamuuliza swali moja kabla sijavaa hiyo fulana, je boti ya kuyabeba hayo magunia iko wapi?

Hayo ndiyo malalamiko. Najua majibu yenu pia manake tushayasikia yote, acha niwapunguzie kazi.

Mtasema njia ni nyembamba gari haliingii. Kweli, na ndio uzuri wa mji wetu, ndio ulioufanya uingie kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2001, jambo ambalo kila mkipewa kipaza sauti mwalitaja. Lakini friji imeingia. Kitanda cha samadari kimeingia. Marumaru za bafu la ghorofa ya tatu zimeingia, zote kwa punda na hamali. Iweje gunia la chupa, jepesi kuliko yote hayo, ndilo lishindwe kutoka? Wenye punda wapo, vijana wapo, wengi wanamaliza mizigo ya asubuhi na mchana wamekaa. Walipeni kwa safari, shogi mbili, yaani vikapu vya mgongoni mwa punda, za taka kutoka mtaani mpaka gatini, na punda asizidishiwe mzigo. Boti za mizigo zinazotoka Mokowe zinakuja zimejaa mpaka maji yanagusa ukingo, na mara nyingi zinarudi tupu ama nusu tupu. Hiyo nafasi ya kurudi ndiyo dawa, na bei yake haiwezi kuwa sawa na bei ya boti ya kukodi. Mkae chini na manahodha mpatane.

Mtasema pesa hakuna. Hapo twaomba kuona. Bajeti ya usafi ni kiasi gani, tenda ya kuzoa taka amepewa nani, kwa bei gani na anatakiwa afanye nini? Kifungu cha 35 cha Katiba kinatupa haki ya kuzipata taarifa hizo, sio fadhila. Na hata pesa ikiwa kidogo, mzigo wenyewe waweza kupunguzwa. Zaidi ya nusu ya taka za majumbani ni vitu vya kuoza, maganda ya ndizi, machicha ya nazi, mabaki ya wali. Hayo mbuzi na kuku wanayataka, na mashamba ya nyuma ya mji yanataka mbolea. Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya 2022 inasema taka za kuoza na zisizooza zitenganishwe, inataka kaunti ziwe na vituo vya kuchambulia taka, na inawatia wenye viwanda kwenye jukumu la bidhaa zao hata baada ya kutumiwa. Kwa hivyo hao wa soda na maji ya chupa nao waiteni, walipie ile nauli ya kurudi.

Mtasema wananchi ndio wachafu. Wapo, sikatai, hata mtaani kwangu wapo na nimeshagombana nao. Lakini watu hawa hawa bibi zao walienda sokoni na kikapu cha ukili, wakanunua samaki akafungwa kwa majani, kamba ikatoka kwenye makumbi na jengo likatoka kwenye chokaa na boriti. Uchafu hatukurithi. Na vikapu bado vyasukwa, ni vile mfuko wa bure ushakuwa rahisi. Na ustadi wa plastiki pia upo hapa hapa. Jahazi la Flipflopi liliundwa Lamu na mafundi wetu wakiongozwa na Ali Skanda, tani 10 za plastiki zilizookotwa na kandambili kama 30,000, likashushwa majini 2018 na mwaka uliofuata likasafiri mpaka Zanzibar. Dunia nzima iliandika. Yaani fundi wa Lamu anaweza kuifanya taka iende Zanzibar kwa tanga, na nyinyi mmeshindwa kuifikisha Mokowe kwa injini.

Mtasema pia si kazi yenu, ni ya NEMA, ile mamlaka ya taifa ya mazingira, ni ya makumbusho, ni ya Nairobi. Katiba ya 2010, Jedwali la Nne, Sehemu ya 2, imeandika wazi kwamba kuzoa taka na majaa ya taka ni kazi ya ngazi ya kaunti. Kama kuna kipande ni cha ofisi nyingine basi andikeni barua nyinyi kwa nyinyi, mwananchi asifanywe tarishi wa kubeba swali kutoka mlango hadi mlango.

Sasa tunachoomba, na kwa kweli si kikubwa.

Kwanza ratiba. Siku na saa za kuzoa taka kila mtaa, Mkomani, Langoni, Gadeni, Kashmiri na kwengineko, ibandikwe uwanja wa Mkunguni na kwenye misikiti, na ifuatwe hata mvua ikinyesha. Mtu akijua Jumatatu na Alhamisi punda wa taka anapita, hatamwaga gofuni. Hili peke yake lataka karatasi na nidhamu, halitaki wafadhili.

Pili, mpango wa kurudisha, punda mpaka gatini, boti mpaka Mokowe, na huko bara pawe na pahali palipozungushiwa ua, pa kuchambulia, pasipochomwa moto. Kabla hamjapitisha tenda ya kazi hiyo mtuite tuisome, kwa Kiswahili, na wenye punda na manahodha wawemo kwenye kikao, sio kikao cha hoteli ambacho tunasikia habari zake baada ya chakula kuliwa.

Mitaro izibuliwe yote kabla ya masika, si baada.

Na kuhusu Shela tunataka mambo matatu kwa maandishi: matokeo ya kupimwa kwa visima, chumvi na uchafu, yabandikwe kila baada ya miezi mitatu, vibali vyote vya ujenzi vilivyotolewa kwenye machuguu viwekwe wazi, na visitolewe vingine mpaka watu wa maji waseme tangi linabeba kiasi gani. Hapo hatutarudi nyuma hata kidogo, nawaambia mapema.

Mkitaka msaada wetu mtaupata. Vijana wa mtaa wako tayari kutenganisha taka nyumba kwa nyumba, kina mama washasema ndoo mbili si tatizo ilimradi ziondoke zote mbili, na maimamu walishakubali kutangaza ratiba baada ya Ijumaa. Wenye maduka nao wamesema watapokea chupa tupu kama kuna mtu wa kuja kuzichukua. Upande wetu umeshapangwa.

Twawapa siku 30 kuanzia leo kutujibu, na jibu liwe kwa barua ama kwa kikao cha wazi, sio kidole gumba. Zikipita kimya tutapeleka ombi rasmi kwenye bunge la kaunti kama Kifungu cha 37 cha Katiba kinavyoturuhusu, sahihi tushaanza kuzikusanya. Na ikibidi tuende mahakamani, Kifungu cha 42 kinatupa haki ya mazingira safi na yenye afya, na cha 70 kinasema anayeshtaki kwa ajili ya haki hiyo halazimiki hata kuonyesha kwamba kuna mtu ameshapata hasara au kuumia. Hatupendi kufika huko, twajuana sana. Lakini njia tunaijua manake tushaipita.

Kikao chetu cha mtaa ni kila Ijumaa baada ya swala ya Alasiri, kwenye baraza mbele ya lile gofu. Yeyote katika nyinyi akitaka kuja aje, hakuna atakayemtukana, kahawa chungu ipo na halua ikipatikana. Aje tu na tarehe ya ratiba mkononi.

Wabillahi tawfiq.

Ni mimi kwa niaba ya wakaazi,
Mkaazi wa Langoni, Lamu.

Nakala kwa:
Wazee wa mitaa yote
Kamati za misikiti
Wenye punda na manahodha wa boti za Mokowe
Kina mama wa soko la samaki